Je, damu inaganda? Kipimo cha dakika 20 kwa aliyeumwa na nyoka

"Dakika 20 zimepita, nimeinamisha chupa, kuna bonge na kuna maji. Hii imeganda au haijaganda?" Swali hili halikomi kuulizwa na wauguzi na maafisa wa kliniki wanaoanza kazi katika zahanati za Lamu na Malindi. Linafuatwa na la pili: "Sina chupa ya kioo, nikitumia ya plastiki kuna ubaya?" Ubaya upo, tena mkubwa.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye zamu Faza, Kiunga, Witu, Marafa au Baricho. Mgonjwa ameshushwa kwenye bodaboda, mguu umevimba, maabara imefungwa au haipo kabisa. Huyo mgonjwa anaweza kukaa kitako, akaongea na kuomba chai, ilhali damu yake imeshapoteza uwezo wa kuganda. Jicho haliwezi kulijua hilo mapema. Chupa ya kioo na saa vinaweza, bila umeme wala mashine, ilmradi kazi ifanywe sawasawa.

Sumu inaifanya nini damu

Nadharia kidogo tu, maana bila hiyo jibu litakupotosha. Sumu huishambulia damu kwa njia tatu. Kwanza, huviamsha vigandishi vya damu mwili mzima kwa mpigo. Fibrinojeni, protini inayotoa nyuzi za bonge la damu, hutumika yote mishipani, na ikiisha damu hubaki nyepesi. Pili, sumu hutoboa kuta za mishipa midogo, damu ikavuja. Tatu, hupunguza chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia kuziba jeraha, au kuziharibu.

Kipimo cha dakika 20 hunasa ile njia ya kwanza peke yake, na hapo ni fibrinojeni ikiwa imeshuka sana. Mtu mzima mwenye afya huwa nayo gramu 2 hadi 4 kwa lita. Damu hubaki maji kwenye chupa ikishuka hadi karibu na nusu gramu. Kwa hiyo chupa ikisema damu imeganda, haijasema kwamba hakuna sumu.

Hapa kwetu tofauti hiyo ina uzito. Bafe, ambaye wengine humwita kifutu au moma, huvimbisha kiungo, hutoa malengelenge, hushusha presha na chembe sahani. Mgonjwa wake anaweza kuvuja damu fizini huku chupa ikiwa imeganda vizuri. Swila huozesha nyama na kutemea macho. Yule swila mkubwa wa kahawia wa pwani, aliyetambuliwa kuwa aina ya peke yake mwaka 2007 na kupewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu, ni wa kundi hilo. Koboko hulemaza mishipa ya fahamu: damu ya aliyeumwa naye huganda kama kawaida huku akikata pumzi mbele yako.

Wanaoimaliza fibrinojeni katika misitu na mashamba ya pwani ni nyoka wawili wa mitini. Mmoja ni boomslang. Tunalitumia jina hilo hilo kwa sababu ndilo lililoandikwa kwenye dawa yake. Ana macho makubwa, dume mara nyingi ni kijani na jike ni kahawia. Wa pili ni yule mwembamba wa rangi ya kijiti kikavu, anayetulia tuli tawini usimwone. Kule kaskazini, Wajir, Marsabit na Turkana, yuko kipiri mdogo wa nchi kavu ambaye kazi yake kwenye damu ni hiyo hiyo, na mfugaji au msafiri anaweza kukufikia akiwa ameumwa naye.

Tahadhari na maneno "nyoka wa kijani, alikuwa mtini." Anaweza kuwa ukukwi asiye na madhara, koboko wa kijani, au boomslang. Hao watatu huchanganywa kila siku, hata na watu waliozaliwa shambani. Usitibu jina la nyoka uliloambiwa. Tibu unachokiona kwa mgonjwa na kwenye chupa.

Vitu vya kuandaa

Viweke kwenye kisanduku kimoja, kiandikwe NYOKA, kikae mahali anapopajua kila mwenye zamu.

- Testi tyubu au chupa ndogo za kioo cha kawaida, mpya, safi, kavu, zisizo na dawa yoyote ndani. Kila kipimo hutumia 3, na mgonjwa mmoja atapimwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo weka angalau 12.
- Mabomba ya sindano ya mililita 5 na sindano za geji 21.
- Glavu, pamba, spiriti, gozi na bandeji ya kufunga palipodungwa.
- Saa au simu yenye kengele.
- Tepu na kalamu ya wino usiofutika.
- Raki ya kusimamishia chupa. Kama huna, kopo lililojazwa mchanga mkavu linatosha.
- Boksi la kutupia sindano.
- Tochi ya kuangalia fizi.
- Mtu mwenye afya atakayekubali kutoa mililita 2 za damu. Asiwe anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Chupa ndiyo roho ya kipimo. Damu huanza kuganda kwa kuguswa na ukuta wa kioo. Plastiki haiishtui damu, hivyo damu ya mtu mzima wa afya inaweza kubaki maji ndani yake na wewe ukadhani ni sumu. Kioo kilichooshwa kwa sabuni au jiki nacho hubaki na utando unaozuia kuganda, hata ukikisuuza mara ngapi. Ndiyo maana tunasema mpya, si "iliyooshwa vizuri."

Mirija ya maabara nayo ina mitego. Yenye kifuniko cha zambarau au cha buluu ina dawa ya kuzuia damu isigande: haifai kabisa. Yenye kifuniko chekundu mara nyingi ni plastiki, na mingine imepakwa dawa ya kuharakisha kuganda, kwa hiyo inaweza kukuonyesha damu iliyoganda kwa mgonjwa ambaye damu yake imekwisha. Chupa tupu za dawa za sindano usizitumie; huwezi kujua mabaki ya dawa yamefanya nini kwenye kioo.

Shehena mpya ya chupa ikifika, jaribu moja kwa damu ya mwenzako mwenye afya kabla hujaziweka kwenye kisanduku. Isipoganda ndani ya dakika 20, rudisha shehena yote. Afadhali uligundue hilo asubuhi ya Jumanne kuliko saa nane ya usiku.

Kabla hujashika sindano

Angalia pumzi kwanza. Kope zinazolegea, mate yanayomshinda kumeza, sauti inayobadilika: hiyo ni sumu ya mishipa ya fahamu, na shughuli yako ni kumsaidia kupumua na kumsafirisha. Chupa isubiri.

Ita usafiri sasa hivi, usingoje jibu. Hili ndilo kosa linalogharimu zaidi visiwani. Mwenye kutoka Pate, Siyu au Faza anajua kwamba mlango wa bahari wa Mkanda hupitika maji yakijaa. Ukingoja dakika 20 ukiangalia chupa, maji yanaweza kupwa na safari ikarefuka. Piga simu ya boti au ambulensi, kisha toa damu wakati inakuja. Chombo kikifika kabla ya dakika 20, acha kipimo, ondokeni. Wala usibebe chupa botini kwa matumaini kwamba itaganda njiani. Mtikiso wa mashine na mawimbi huharibu jibu.

Vua pete, bangili, kikuku na viatu kwenye kiungo kilichoumwa. Tuliza kiungo kwa banzi. Kama ameletwa amefungwa kamba ya kukaza, usiifungue kwa pupa: weka kanula (mrija wa mshipani) na dripu kwanza, kisha legeza polepole ukiangalia presha na pumzi. Usichanje, usinyonye, usiweke jiwe la nyoka. Kila chale unayomchanja mtu ambaye damu haigandi ni bomba umelifungua.

Hatua za kipimo

1. Andika saa aliyoumwa na saa aliyofika. Tumia mfumo wa saa 24. "Saa 2" ya kwetu ikisomwa hospitalini kama saa 02:00, daktari atakosea kwa saa sita. Andika 20:00 au 08:00, asibaki mtu na shaka.

2. Tafuta damu inayovuja. Washa tochi, mwambie mgonjwa afungue mdomo, angalia pale fizi inapokutana na meno. Mara nyingi huanzia hapo. Angalia pua, alama za meno ya nyoka, vidonda vya zamani, na kila palipodungwa sindano. Mwombe akojoe kwenye kopo uone rangi. Kwa mwanamke uliza hedhi na ujauzito, kwa staha, mbali na jamaa zake. Kichwa kinachouma sana pamoja na usingizi usio wa kawaida ni dalili ya damu kuvuja kichwani.

3. Chagua mkono usioumwa. Toa damu kwenye mshipa wa kiwiko au wa mkono, mahali unapoweza kubana kwa kidole. Usiguse mshipa wa shingo wala wa kinena. Usitoe kwenye mkono unaopita dripu, maana utapata damu iliyochanganyika na maji ya chumvi. Usitoe kwenye kanula iliyosafishwa kwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

4. Funga mpira wa kukaza kwa muda mfupi, dunga mara moja, vuta mililita 4 au 5 taratibu. Ukipapasa mshipa kwa sindano mara tatu nne, majimaji ya nyama yataingia kwenye damu na kuiharakisha kuganda. Ukikosa, badilisha sindano na mahali.

5. Mwachie mwenzako au jamaa abane palipodungwa kwa gozi. Mgonjwa wa kawaida dakika 5 zinatosha. Huyu mpe 10 na uangalie tena, kisha funga bandeji.

6. Toa sindano kwenye bomba uitupe kwenye boksi, halafu mimina damu ikiteremka kwenye ukuta wa chupa, bila povu. Mililita 2 kwenye chupa ya kwanza, mililita 2 kwenye ya pili. Fanya hivyo papo hapo. Damu isikae ndani ya bomba la plastiki wakati unatafuta tepu. Ukiweka mililita nusu au ukijaza chupa, usomaji hubadilika.

7. Chukua mililita 2 za mtu mwenye afya, weka kwenye chupa ya tatu ya aina ile ile. Hii ndiyo mizani yako. Andika kwenye tepu: M1, M2, na AFYA, pamoja na saa.

8. Simamisha chupa kwenye raki, tegesha kengele ya dakika 20, ondoka. Usiinamishe dakika ya 5 "kuona inaendaje." Kila ukitikisa unavunja nyuzi zinazojengeka, na bonge ambalo lingekuwa imara litabaki vipande. Iwe joto la kawaida la chumba: si kwenye friji ya chanjo, si chini ya feni, si dirishani juani.

   Jamaa watakuwa wamekuzunguka, na yuko atakayetaka kuinua chupa aone. Waeleze mapema: "Mzee, damu hii tunaiacha hapa dakika ishirini tujue kama sumu imeshaingia kwenye damu. Nawaomba sana, mtu asiiguse meza." Ukisema hivyo wataisimamia meza kuliko wewe.

9. Kengele ikilia, inamisha kila chupa mara moja, taratibu, hadi ilale. Anza na ya AFYA. Mara moja tu. Hakuna kutikisa wala kugonga.

10. Andika jibu hapo hapo, na saa.

Kulisoma jibu

Chupa ya AFYA ikiwa haijaganda, kipimo chote ni batili. Usiseme lolote juu ya mgonjwa. Badilisha aina ya chupa uanze upya.

Ya AFYA imeganda, na za mgonjwa zimetulia kama bonge moja lisiloteleza: damu inaganda kwa sasa. Sisitiza hayo maneno mawili, kwa sasa.

Ya AFYA imeganda, na za mgonjwa zinamiminika kama zilivyoingia: damu haigandi. Fibrinojeni imekwisha au imekaribia kuisha. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kupewa dawa ya sumu ya nyoka, hata kama hujaona tone linalovuja.

Sasa lile swali la bonge na maji. Angalia rangi ya maji. Bonge imara linapoanza kujikunyata hutoa maji ya manjano yaliyo safi. Hayo ni ya kawaida, damu imeganda. Lakini ukiona maji mekundu yanayotiririka, na ndani yake vipande laini vinavyokatika, hiyo ihesabu kuwa haigandi. Wengi huandika "imeganda kiasi." Usiliandike neno hilo, kwa sababu anayepokea mgonjwa atalisoma kuwa ni nafuu. Andika "maji mekundu na vipande, haigandi," kisha rudia kwa chupa mpya kama muda upo.

Chupa mbili za mgonjwa zikipingana, moja imeganda na nyingine haijaganda, fuata iliyo mbaya na urudie.

Lini urudie

Jibu zuri la kwanza halimpi mgonjwa ruhusa ya kwenda nyumbani. Rudia kila baada ya saa 6 kwa saa 24 za mwanzo, na mapema zaidi ukiona damu fizini, mkojo mwekundu au uvimbe unaopanda. Kama maelezo yanaelekea kwa nyoka wa mitini, mweke hadi saa 48. Sumu ya boomslang huchelewa. Mwaka 1957 Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa Chicago, aliumwa na boomslang mchanga. Asubuhi yake alijiona ana nafuu akala na chakula, na alasiri akafariki kwa kuvuja damu. Kwa mgonjwa wa namna hii jeraha huwa dogo, uvimbe kidogo au hakuna, na jamaa watakusihi uwaachie waende zao. Usiwaachie. Zungumza na mkubwa wa familia kwa upole: "Mama, sumu hii huchelewa. Leo anaonekana mzima, kesho anaweza kutapika damu. Tumpime tena alfajiri." Mara nyingi ukitaja saa ya kipimo kijacho hukubali, kwa sababu wanajua wanachokisubiri.

Damu isipoganda, ufanye nini

Mpe rufaa mara moja kwenye hospitali yenye dawa. Piga simu kwanza uulize kama ipo, Lamu, Mpeketoni au Malindi, kabla hujamsafirisha mtu safari ya saa tatu akakute kabati tupu. Barua iseme: saa aliyoumwa, saa damu ilipotolewa, saa iliposomwa, jibu la M1, M2 na AFYA, aina ya chupa, kila palipovuja, presha, mpigo wa moyo, na dawa zote alizopewa zikiwemo za mitishamba. Chora mstari kwa kalamu kwenye ngozi pale uvimbe ulipofikia, na uandike saa kando ya mstari. Wanaompokea watajua kasi yake kwa kutazama.

Wakati huo huo:

Usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni. Huziharibu zile chembe sahani zilizobaki. Maumivu yatulize kwa parasetamoli.

Usimdunge sindano ya msuli, hata ya pepopunda. Itasubiri damu igande. Iliyo tofauti ni adrenalini ya mzio mkali. Hiyo haingoji chochote.

Usimpe heparini kwa hoja kwamba "vigandishi vimeamshwa." Haisaidii, na inaweza kumuua.

Usimruhusu mtu apasue kiungo kwa sababu kimevimba. Upasuaji kabla damu haijarudi kuganda humaliza damu ya mgonjwa mezani.

Damu au plazma ya kuongezewa haishiki nafasi ya dawa ya sumu. Sumu ikiwa bado inazunguka, hivyo vigandishi vipya navyo vitaliwa.

Kama kituo chako kina dawa, soma kwanza karatasi ya ndani ya boksi: imeorodhesha nyoka inaowafaa. Dozi ya mtoto ni sawa na ya mtu mzima, kwa sababu nyoka hapunguzi sumu kwa kuwa aliyemuuma ni mdogo. Kinachopungua ni maji ya kuchanganyia. Changanya kwenye maji ya chumvi, pitisha kwenye mshipa kwa dakika 30 hadi 60, kaa naye. Kipimo cha kujaribu kwenye ngozi hakitabiri mzio, usipoteze muda nacho. Kabla tone la kwanza halijaingia, adrenalini iwe imeshavutwa kwenye bomba: mtu mzima miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, mtoto miligramu 0.01 kwa kila kilo. Akianza kujikuna, kukohoa, kutapika, kupumua kwa mluzi au presha ikishuka, simamisha dripu na umdunge.

Baada ya dawa, pima tena saa 6 zikishapita. Si baada ya saa moja wala mbili: dawa huinyamazisha sumu, lakini ini linahitaji muda kutengeneza fibrinojeni mpya, na ukipima mapema utadhani dawa imeshindwa na kumaliza akiba bure. Kinachobadilika mapema ni kuvuja. Fizi zilizokuwa zikitoa damu mara nyingi hukauka ndani ya dakika 15 hadi 30 dawa ikiwa ndiyo yake. Saa 6 zikipita na chupa bado ni maji, rudia kipimo kile kile cha dawa. Ikishaganda endelea kupima kila baada ya saa 6 hadi 12 kwa siku nzima au mbili, kwa sababu sumu iliyobaki kwenye nyama iliyoumwa inaweza kurudi kwenye damu.

Mambo yakikwama

*Chupa zote, pamoja na ya AFYA, zimebaki maji.* Chupa zina sabuni, ni plastiki, au zimetoka kwenye friji. Jiulize hili kwanza: nani aliziosha? Badilisha zote.

*Damu imeganda ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye chupa.* Umechelewa au umepapasa mshipa sana. Haihesabiki kuwa jibu. Toa upya mkono mwingine.

*Nimesahau, nimesoma dakika ya 35.* Kama bado ni maji, haigandi, andika saa halisi. Kama imeganda, hujui ilikuwaje dakika ya 20. Rudia.

*Nimesoma dakika ya 12, ilikuwa maji.* Hilo si jibu. Umeshaigusa, anza upya.

*Chupa imeganda lakini fizi zinavuja.* Amini fizi. Huenda ni bafe na chembe sahani zimeshuka, au kuta za mishipa zimeharibika, au fibrinojeni imepungua bila kufika chini kabisa. Kuvuja damu kwenyewe kunatosha kumpeleka apate dawa.

*Palipodungwa hapakauki baada ya dakika 10.* Bana tena, inua mkono, funga bandeji ya kubana kiasi, na chukulia kwamba damu haigandi hata kabla kengele haijalia.

*Mtoto mdogo, damu haipatikani ya kutosha.* Tumia chupa moja ya mgonjwa na moja ya AFYA, kwa ujazo ule ule katika zote mbili, mililita 1 kila moja, na uandike hivyo kwenye barua.

*Mgonjwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ana ugonjwa wa ini.* Kipimo kinaweza kuwa maji bila sumu. Mwite jamaa akuletee vidonge vyake, viandike, mpe rufaa vilevile.

*Amepewa dawa mara mbili, chupa bado ni maji.* Fikiria nyoka wa mitini. Dawa za kawaida za mchanganyiko hazimfikii boomslang. Yake ni ya peke yake, inatengenezwa Afrika Kusini, na yule wa rangi ya kijiti hana dawa kabisa. Kuongeza chupa ya tatu na ya nne ya dawa isiyomhusu ni kumwongezea mzio. Mpigie simu daktari wa hospitali kuu umwambie wazi: "Damu haigandi baada ya dozi mbili, jeraha dogo, uvimbe haba, aliumwa akichuma mwembeni." Kwa maelezo hayo ataanza kutafuta dawa yenyewe na damu ya kumwongezea, na wewe huku umlaze kitandani, usimdunge bila sababu, na umpime kila baada ya saa 6.